Jinsi ya kusoma ripoti ya kansa ya titi na kumjua nyapara anayeendesha uvimbe

Kama umeshika ripoti ya bayopsi ya titi saa hizi, yako ama ya mamako ama ya dadako, usianze kusoma juu. Shuka chini mpaka pale palipoandikwa ER, PR, HER2 na Ki-67. Huko juu kuna urefu wa kipande, rangi yake, maneno marefu ya kilatini, nayo yana kazi yake na ntayarudia kidogo, lakini hizo herufi za chini ndo zinakwambia uvimbe unaendeshwa na nani, na dawa inafuata hapo.

Mimi nafanya kazi maabara hapa Mombasa, upande wa tishu, ile kazi ya kupokea kipande cha nyama kilichotoka kwa daktari, kukizamisha ndani ya nta, kukikata chembamba mpaka mwanga unapita, alafu kukipaka rangi ndo daktari wa patholojia akitazame kwa maikroskopu. Kilichonifanya niandike ni mamkubwa wangu. Alinijia nyumbani Majengo na ripoti yake, akakaa kimya mpaka chai ikapoa, alafu akaniuliza, "Mwanangu, daktari kanambia ni pozitivu. Pozitivu si ni ukimwi? Na mimi mume wangu kafa miaka kumi na mbili sasa." Alikuwa kakaa na hilo neno siku nne, hajamwambia mtu. Kwa hiyo hebu tuanze na hilo neno, manake naamini si yeye peke yake.

Pozitivu kwenye ripoti ya titi haihusiani na ukimwi hata kidogo. Maana yake ni kwamba tulimtafuta nyapara fulani ndani ya seli za uvimbe na tumempata. Basi.

Sasa nyapara ni nani. Karibu kila seli ya mwili wako, ya ukucha, ya ini, ya jicho, imebeba jeni zote, kama elfu 20 hivi zinazotengeneza protini. Kinachofanya seli ya ini isiwe jicho ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa, na wanaofungua na kufunga ni protini maalum zinazokwenda kushika DNA yenyewe, vitabuni wanaziita vidhibiti vya jeni, mie nawaita manyapara. Fikiria bandarini Kilindini, makontena yapo, kreni zipo, vibarua wapo tangu alfajiri, lakini hakuna kinachoinuliwa mpaka nyapara apate karatasi ya kazi na ainue mkono. Seli nayo ni hivo hivo. Jeni za kukua na kugawanyika zipo ndani ya kila mmoja wetu, ndizo zilizokuponya ulipojikata na kisu cha samaki, kidonda kikaziba alafu kazi ikasimamishwa. Kwenye kansa hizo hizo jeni zinaendelea kufanya kazi na hakuna anayesimamisha, ama kwa sababu manyapara wamekuwa wengi kupita kiasi, ama nyapara hangoji tena karatasi, ama yule askari wa kusema "simama" amekufa. Ripoti yako inajaribu kujua ni ipi kati ya hizo.

Anza na ER. Hii ni risepta ya estrojeni, na huyu ni nyapara kamili kabisa, anakaa ndani ya kiini cha seli akingoja homoni. Estrojeni ikifika inamshika, wanashikana wawili wawili, wanakwenda kukaa juu ya DNA na kufungua jeni kadhaa. Moja ya jeni hizo inatengeneza protini inaitwa saiklini D1, na saiklini D1 kazi yake ni kwenda kulegeza breki ya seli, breki yenyewe inaitwa RB, na RB ikilegea kuna nyapara mwingine alikuwa kafungwa nayo, E2F, anaachiliwa, naye anafungua jeni zote za kunakili DNA, na hapo seli haina kurudi nyuma, lazima igawanyike. Kwa hiyo ni nyapara anamfungulia nyapara, mlolongo, na unaanzia kwa ile homoni.

Haya hayakujulikana jana. Mwaka 1896 daktari wa Uskoti, George Beatson, alichapisha habari za wanawake aliowatoa ovari na kansa zao za titi zikanywea, na wakati huo hata hizo homoni hazijagunduliwa, yeye aliona tu kwamba kuna kitu kinatoka kwenye ovari kinalisha titi. Ikaja kuwa Elwood Jensen kule Chicago, mwisho wa miaka ya 1950, ndo akaonyesha kwamba kuna protini ndani ya seli inayoishika estrojeni. Miaka sitini katikati. Kila nikipaka rangi ya ER namkumbuka yule mwanamke wa kwanza wa Beatson, alikubali kupasuliwa kwa jambo ambalo hakuna aliyeweza kumweleza.

Kwenye ripoti ER itaandikwa kwa asilimia na kwa nguvu ya rangi. Sisi tukipaka, kiini chenye nyapara kinageuka kahawia kama kahawa chungu, kisicho naye kinabaki buluu. Asilimia 90 maana yake viini 90 kati ya 100 vimekuwa kahawia. Kuanzia asilimia 1 inahesabiwa pozitivu, lakini kati ya 1 na 10 inaitwa pozitivu ya chini na hapo muulize daktari wako vizuri, kwa sababu uvimbe kama huo mara nyingi una tabia za wale wasiokuwa na ER na dawa za homoni huenda zisiutoshe. Maabara nyingine zinaandika Allred na namba mpaka 8, hiyo ni hesabu ile ile, wamejumlisha wingi (0 mpaka 5) na nguvu ya rangi (0 mpaka 3). Mamkubwa alikuwa na 8 juu ya 8. Nkamwambia hiyo 8 si ukali wa ugonjwa, ni kwamba tumemuona nyapara waziwazi na dawa yake ipo.

PR watu wanairuka na mimi naipenda sana. Ni risepta ya projesteroni, na jeni yake inafunguliwa na ER. Umeona hapo? Yani ukiikuta PR ipo, ni ushahidi kwamba ER hajakaa tu, anafanya kazi, ameshafungua jeni. ER ikiwa juu na PR iko sufuri, bado ni pozitivu na dawa ya homoni bado inatumika, ila mara nyingi uvimbe kama huo ni mkaidi zaidi kidogo. Na ukikuta kinyume, ER negativu lakini PR pozitivu, hiyo ni nadra mno, rudi uombe wapake tena, manake mtoto kapatikanaje na mama hayupo.

Na hapa nataka nikae, kwa sababu hapa ndo watu wanaumia bure. ER ikisomeka negativu, kabla hujakubali, uliza kipande kilishughulikiwa vipi. Protini hizi zinaoza. Kipande kikitoka mwilini kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi tishu isioze, ndani ya saa moja, fomalini yenyewe iliyochanganywa asilimia 10, na kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Joto letu la Mombasa unalijua. Jirani yangu mmoja alipewa kipande chake ndani ya kichupa, akaambiwa apeleke mwenyewe maabara mji mwingine, sitataja nani alimpa, na kichupa kilikuwa na maji ya chumvi tu, na ilikuwa Ijumaa jioni. Kikafika Jumatatu. ER ikatoka negativu. Ile ripoti haikuwa na maana yoyote na yeye hakujua, alishaanza kuambiwa mambo ya kemo peke yake. Walipochukua kipande kingine na kukiweka sawa ER ilikuwa asilimia 70. Nyapara alikuwepo siku zote, alikuwa kaozea kwenye chupa. Nikikumbuka hiyo nachukia mpaka leo, kwa hiyo nawaomba, siku ya bayopsi muulize daktari maneno matatu tu: hii ni fomalini, imeingia saa ngapi, na nani anaipeleka. Na saa hiyo iandikwe kwenye fomu.

Kuna kitu kingine cha kuuliza kama ER ni negativu. Kwenye kipande cha titi huwa kuna mirija ya kawaida, isiyo na kansa, imebaki pembeni, na hiyo inatakiwa viini vyake baadhi viwe kahawia. Kama hata hiyo haikushika rangi basi tatizo ni la upakaji, si la uvimbe. Uliza tu, "mirija ya kawaida ilishika rangi?" Daktari wa patholojia hatakasirika, ataona umejua.

Ukishajua ER ipo, dawa yake inaeleweka yenyewe. Tamoksifeni inakwenda kukaa pale pale estrojeni inapokaa, kwenye mkono wa nyapara, ila inampinda umbo, anashindwa kuwaita wasaidizi wake, anakaa juu ya DNA lakini jeni haifunguki. Marekani iliikubali kwa kansa ya titi mwaka 1977, na mwanzo kabisa ilikuwa inatafutwa kama dawa ya kuzuia mimba, ikashindwa huko. Ni miligramu 20 kwa siku, miaka 5, wengine wanaongezwa mpaka 10, na hiyo miaka ndo mtihani, watu wanaacha mwaka wa pili wakijiona wazima. Kidonge ni kimoja kwa siku, kwa hiyo Ramadhani kinahamishika kwa futari ama daku, ongea na daktari mpange saa. Ukiwa umeshakoma hedhi unaweza kupewa letrozoli ama anastrozoli badala yake, hizo hazimgusi nyapara, zinakata ile karatasi yake ya kazi, yani estrojeni yenyewe, manake mwanamke aliyekoma hedhi bado anatengeneza estrojeni kwenye mafuta ya mwili.

Ya kuangalia na tamoksifeni: isitumike na mja mzito kabisa, mguu mmoja ukivimba na kuuma ama kifua kikibana nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu inaweza kugandisha damu, na ukiona damu ya ukeni na ulishakoma hedhi sema. Na kama unatumia dawa za huzuni, fluoksetini ama paroksetini, mwambie daktari, hizo zinazuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa na nguvu yake. Pia mwambie kuhusu majani na unga wowote unaokunywa, usifiche, hakuna atakayekugombeza na akikugombeza bado atakuwa amejua.

HER2 sasa. Huyu si nyapara wa ndani, huyu anakaa getini, kwenye ngozi ya seli, anapokea habari kutoka nje na kuzipitisha ndani mpaka kwa manyapara. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni yake. Kwenye baadhi ya kansa za titi, kama moja kati ya tano au sita, jeni hiyo imejinakili mara nyingi mpaka geti lote limejaa hao wapokeaji, na wakisongamana hivo wanagusana wenyewe kwa wenyewe na kupiga kelele "kazi! kazi!" hata kama nje hakuna aliyeleta habari. Rangi yake kwenye maikroskopu haiingii kiini, inazunguka seli kama ukingo wa sahani. 0 na 1+ ni negativu, 3+ ni pozitivu, na 2+ ni bado haijulikani, lazima kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni yenyewe, kinaitwa FISH. Usikubali ripoti ya 2+ iishie hapo, nimeziona zikiishia hapo. Dawa yake, trastuzumabu, ilikubaliwa Marekani mwaka 1998 na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, ni ya sindano au dripu kila wiki tatu kwa mwaka mmoja kama ugonjwa haujasambaa, na moyo upimwe kabla na njiani kwa sababu inaweza kuudhoofisha. Ni ghali, hilo siwezi kulificha, kwa hiyo siku ya kwanza tu uliza ofisi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ya hospitali wanalipa nini na wewe unabaki na nini, usingoje mpaka mmeanza na mkakatika katikati. Na hata tofauti ya 0 na 1+ siku hizi ina maana, kuna dawa mpya tangu 2022 ya wale ambao ugonjwa umesambaa na HER2 yao ni ya chini, kwa hiyo namba iandikwe, isiandikwe negativu tu.

Ki-67 ni hesabu ya seli zilizo kazini saa ile tulipokata kipande. Jina limetoka mji wa Kiel, Ujerumani, kilipogunduliwa, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara. Asilimia 5 kushuka ni polepole, 30 kupanda ni haraka, katikati hapo maabara zinatofautiana sana, usilinganishe ya kwako na ya mwenzako mkaanza kuliana.

Na namba kubwa isikutishe peke yake. Kuna kansa ya watoto ambayo Ki-67 yake inakaribia 100, inaitwa limfoma ya Burkitt, imepewa jina la daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958, mtoto anavimba taya mpaka meno yanalegea, na iko sana kwenye ukanda wa malaria kama huku kwetu Pwani na kule Ziwa Victoria. Hiyo ndo somo zuri kabisa la nyapara aliyeharibika. Kuna nyapara anaitwa MYC, mkali, akiinua mkono maelfu ya jeni yanasikia, ndo maana seli inamfungia sana na kumtoa kwa dakika chache. Kwa hawa watoto kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kimekatika na kwenda kujiunga na kromosomu ya 14, na pale kilipoangukia ni jirani na swichi ya kutengenezea kingamwili, swichi ambayo kwenye seli hizo haizimwi. Shida kubwa hapa si umbo la nyapara, ni kwamba amehamia nyumba ambayo taa haizimwi. Seli zinaongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili hivi. Lakini kwa sababu ziko kazini zote kemo inazikuta zote, na watoto wengi wakifikishwa mapema wanapona. Kwa hiyo ukiona mtoto kavimba taya, tafadhali, si jino, si jicho la mtu, mpelekeni kesho asubuhi.

Sasa kuna wale ripoti yao inasema ER negativu, PR negativu, HER2 negativu. Wanaiita negativu tatu, na kwa wanawake wa Kiafrika iko zaidi kuliko kwa wazungu. Hapo hatujampata nyapara tuliyezoea kumpiga, na mara nyingi sana shida ni ile ya askari, p53. Huyu p53 ni nyapara pia, ila kazi yake ni kufungua jeni za kusimamisha: DNA ikikatika anafungua jeni za kukaza breki, na ikishindwa kutengenezeka anafungua jeni za seli kujiua. Kiasi cha nusu ya kansa zote za binadamu jeni yake imeharibika. Ndovu, hawa hawa wa Tsavo tunaowapita tukienda Nairobi, wana nakala kama 20 za jeni hiyo kutoka kwa kila mzazi, ambapo sisi tuna moja kutoka kwa baba na moja kwa mama, na ndovu kwa mwili wote ule na umri wote ule kansa wanapata kidogo sana. Na kansa ya mlango wa kizazi, virusi vya HPV vinatengeneza protini moja ya kumuangamiza p53 na nyingine ya kuifungua breki RB niliyoitaja juu, zote mbili kwa pigo moja, ndo maana chanjo yake iliyozinduliwa hapa Mombasa mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10 nawaomba msiikimbie.

Ukiwa na negativu tatu, kwanza hakikisha ile habari ya fomalini, alafu uliza kuhusu kupima jeni ya BRCA1, ambayo mtu akiirithi ikiwa na kasoro hatari ya kansa ya titi inapanda, hasa kama una umri mdogo ama shangazi na bibi wamewahi kuugua. Tena upande wa baba unahesabika, baba anaweza kuibeba hiyo kasoro na kuipitisha hata kama yeye haumwi. Dawa kuu ni kemo na aina hii mara nyingi inaisikia vizuri.

Gredi, ile 1, 2, 3 ya juu ya ripoti, ni jinsi seli zilivyoacha kufanana na titi. Si stéji, ile inayosema ugonjwa umefika wapi mwilini. Gredi 3 stéji 1 ipo na inatibika, watu wanachanganya na kukata tamaa.

Mwisho nenda maabara uulize kipande chako cha nta kimehifadhiwa wapi na kwa namba gani, uiandike namba hiyo nyuma ya ripoti. Kinakaa miaka kikitunzwa. Kama ukitaka maoni ya daktari wa pili, Nairobi ama popote, anahitaji hicho, si karatasi tu. Na ugonjwa ukirudi, Mungu apishe mbali, omba bayopsi mpya pale uliporudi, usitegemee ripoti ya zamani, kwa sababu nyapara hubadilika: wengine ER inapotea, wengine jeni yake inabadilika umbo na nyapara anafanya kazi bila homoni kabisa, na hapo letrozoli haina tena cha kukata. Ya mamkubwa niliiandika kwa kalamu nyekundu, namba na mwaka, alafu tukaikunja ndani ya kava la plastiki pamoja na kitambulisho chake.